Naomba ushauri: historia ya stesheni ya Maktau

Ndugu zangu, ninakusanya historia ya stesheni ya Maktau, katika reli ya Voi hadi Taveta ambayo Waingereza waliijenga wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ikafika Maktau mwaka 1915, ili kusafirisha askari, chakula na maji kuelekea mpaka wa koloni la Wajerumani (Tanzania bara ya leo). Leo mataruma yamefunikwa na majani. Makaburi ya hapo Maktau ya askari wa Kihindi waliopigana upande wa Waingereza, kwa kweli, yanatunzwa kuliko stesheni yenyewe. Marehemu babu yangu alikuwa kibarua wa reli hiyo, lakini hakuacha hata karatasi moja. Je, nianze na wazee waliobaki, au na Nyaraka za Taifa na Makumbusho ya Reli, Nairobi? Na masimulizi ya wazee yakigongana, niyaandike vipi?