Makala za kitaaluma za kuaminika nazitafutaje mtandaoni?

Nesi_Mtarajiwa:
Habarini wadau. Naandika tasnifu ya uuguzi kuhusu upungufu wa damu kwa wajawazito. Nikiingiza mada yangu Google naletewa blogu, matangazo ya vidonge na kurasa zinazonakiliana bila kusema habari imetoka wapi. Msimamizi wangu anataka marejeo ya majarida yaliyopitiwa na wataalamu, nami sina uwezo wa kulipia makala mojamoja. Wenye uzoefu mnaanzia wapi? Na jarida la kweli mnalitambuaje, maana nasikia mengine yanachapisha chochote mradi umelipa?

Mtu_wa_Takwimu:
Google Scholar, sehemu ya Google ya kutafutia makala za kitaaluma, ipo tangu 2004. Angalia idadi ya walioinukuu makala. Ikiwa kubwa, ichukue.

Mama_Maktaba:
Scholar ni mwanzo mzuri, lakini usiishie hapo. Makala zake zinakusanywa na roboti, hakuna mtu anayekagua jarida mojamoja, kwa hiyo majarida ya ulaghai nayo yamo. Na kunukuliwa sana si ushahidi wa ubora. Makala ya Andrew Wakefield ya 1998 katika jarida la Lancet, iliyotumia watoto 12 tu kuihusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji, imenukuliwa mno, na wengi walioinukuu walikuwa wakiipinga. Lancet yenyewe iliifuta 2010.

Kwa mada yako, anzia PubMed, hifadhidata ya makala za tiba ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Ni bure. Usiandike swali zima kama unaongea na mtu. Andika anemia AND pregnancy, hiyo AND kwa herufi kubwa. Yatakuja maelfu, usiogope. Nenda kwenye vichujio vya pembeni: chagua makala zinazosomeka zote bure, kisha mapitio ya kimfumo (makala zinazokusanya na kupima tafiti zilizofanywa juu ya swali moja), kisha miaka 5 ya karibuni. Orodha itapungua mpaka uweze kuisoma. Fungua makala moja inayokugusa, ushuke hadi chini kabisa. Utakuta istilahi za tiba zilizobandikwa kwenye makala hiyo. Zichukue utafutie upya, kwa sababu zitakuletea tafiti ambazo waandishi wake walitumia maneno mengine kabisa kwa jambo lilelile. Wanafunzi wengi hawafiki hapo chini, na inaniuma, maana ndipo penye hazina.

Sasa majarida. Saraka ya DOAJ ilianzia Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, 2003, ikiwa na majarida 300. Leo yamezidi 20,000, yote ya kusoma bure. Humo jarida haliingii bila kuomba na kukaguliwa na watu. Mimi huitumia kinyumenyume: nikishapata makala kwingine, natafuta humo jina la jarida nione kama limo.

Mdadisi:
Mama, kwa heshima, hiyo saraka nayo isiaminiwe kupita kiasi. Mwaka 2013 mwandishi John Bohannon alituma makala ya uongo, yenye kasoro za wazi, kwa majarida 304, na zaidi ya nusu yaliikubali. Baadhi yalikuwa DOAJ.

Mama_Maktaba:
Ni kweli, na ni vizuri umelisema. Kilichofuata nacho kisemwe: DOAJ walikaza masharti, wakayataka majarida yote yaombe upya, na 2016 wakaondoa takriban 3,300, mengi kwa kutoomba tena. Jarida kutokuwemo humo si lazima liwe bovu. Lancet haimo kwa kuwa ni la kulipia. Likikosekana, ingia tovuti ya jarida, tazama majina ya wahariri na vyuo vyao, kisha uwatafute huko vyuoni kwao. Na jarida linaloahidi kupitia makala kwa siku mbili, mimi silitumii.

Nesi_Mtarajiwa:
Shikamoo mama, asante sana. Nimefuata hatua zako za PubMed na nimepata mapitio mazuri. Ila moja ninayoihitaji sana inadai malipo.

Mama_Maktaba:
Marahaba mwanangu. Nakili kichwa chake chote, kiweke ndani ya alama za kunukuu, utafute Scholar. Chini ya tokeo bonyeza sehemu ya matoleo yote. Mara nyingi nakala halali imehifadhiwa kwenye hazina ya chuo cha mwandishi. Ikikosekana, jaribu mitambo mingine ya kutafutia makala: BASE ya Chuo Kikuu cha Bielefeld, Ujerumani, au CORE. Vikigoma vyote, mwandikie mwandishi. Barua pepe yake huwa kwenye ukurasa wa muhtasari. Sema unasoma nini na unaitakia nini makala yake. Wengi hufurahi kusomwa na hutuma.

Kabla hujaiweka kwenye marejeo, itazame tena PubMed: iliyofutwa huwekewa tangazo juu ya muhtasari. Kisha pitia hifadhidata ya makala zilizofutwa ya Retraction Watch, ambayo Crossref, shirika linalosajili makala za kitaaluma, waliinunua 2023 na kuifanya wazi kwa wote.