Nimebandika siri za shangazi kwenye akili unde, nifanyeje?

Wakuu, naandika maisha ya shangazi yangu wa Pangani. Juzi nilibandika sura nzima kwenye programu ya akili unde inirekebishie tahajia. Humo mna jina lake, ugonjwa wake, hata mtaa. Usingizi sipati.

Jibu: Pole, dada. Ingia kwenye mipangilio, zima ruhusa ya maandishi yako kutumika kuifundisha programu hiyo, kisha futa mazungumzo. Kilichokwisha kufundishiwa ni vigumu kukitoa.

Jibu: Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Mimi hubadilisha majina kwanza; yale halisi yako daftarini, kabatini.

Muulizaji: Nimefuta. Kesho nampigia shangazi, nimweleze mwenyewe.