Nataka kumtaja hadharani promota anayetudhulumu, naogopa kufungiwa milango

FundiMitambo
Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi wa sauti hapa Dar, nafanya matamasha na kumbi. Kuna promota mmoja mkubwa, jina naliweka kando kwa sasa. Mafundi na madansa anawazungusha malipo miezi na miezi, wengine hawalipwi kabisa, halafu kwenye mahojiano anajisifu kwamba analea vipaji. Nimeandika posti ndefu ya Instagram nikimtaja kwa jina, na meseji zake za kuahidi kulipa ninazo. Mke wangu kanikataza. Wenzangu wanasema "piga, tuko nyuma yako", ila nikiomba waweke majina yao kila mtu kimya. Niiweke au niache? Naombeni ushauri, usingizi sina.

Mkongwe wa Kumbi
Mdogo wangu, sikukatazi, ila uijue hatari yenyewe ilivyo. Kwenye burudani hakuna anayetangaza kwamba fulani kafungiwa. Simu inapungua tu. Tamasha ulilofanya mwaka jana unasikia kapewa mwingine, ukiuliza unaambiwa bajeti imebana. Na huyo bwana wala hatatoa amri. Mwenye spika anamtegemea yeye, meneja wa msanii anamtegemea yeye, mtangazaji naye anataka kadi za VIP. Wote watakukwepa wenyewe ili wasimuudhi, na huna pa kushtaki.

Waangalie waliothubutu. Msanii wa hip hop Sugu alipogombana na redio ya Clouds kuhusu mradi wa Zinduka wa kupambana na malaria, na mwaka 2011 wasanii wenzake wakaungana naye kwenye mixtape ya Anti-Virus, yeye tayari alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini. Ugali wake haukutegemea redio kupiga nyimbo zake. Wale vijana walioimba pamoja naye hawakuwa na kiti bungeni. Mwanamuziki Lady Jaydee naye mwaka 2013 alianika ugomvi wake na viongozi wa redio hiyo hiyo mpaka suala likafika mahakamani. Lakini Jide alikuwa na bendi yake, alikuwa na mgahawa na ukumbi wake wa Nyumbani Lounge, na mashabiki aliowajenga kwa zaidi ya miaka kumi. Alipiga shoo bila kumwomba mtu jukwaa. Wewe ukikosa matamasha ya jiji hili miezi sita, kodi ya nyumba inatoka wapi? Jibu hilo kwanza, na umjibu shemeji yangu, sio sisi.

Wakili wa Kinondoni
Mkuu, upande wa sheria. Kashfa kama kosa la jinai iliondolewa kwenye Sheria ya Huduma za Habari kwa marekebisho ya 2023, ila kesi ya madai ya fidia bado ipo. Kisha kuna kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kuhusu kuchapisha taarifa za uongo kwa makusudi: faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Kwa hiyo "hajanilipa kazi ya tarehe fulani" ukiwa na meseji ni jambo moja. "Ni mwizi, anawala wasanii wote" ni jambo jingine kabisa, na watu wengi wanaponzwa na sentensi hiyo ya pili.

Simu yenye hizo meseji usiiuze wala kuifomati. Anza na barua ya madai kupitia wakili. Wasanii AY na Mwana FA walipodai kwamba kampuni ya simu ya Tigo ilitumia nyimbo zao kama miito ya simu bila ridhaa, walienda mahakamani, na mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru walipwe shilingi bilioni 2.18.

Dansa wa Tanga
Nakuheshimu kaka Mkongwe, lakini naumia nikisoma. AY na FA walikuwa na majina makubwa. Dansa anayedai laki moja na nusu atamlipa wakili nini? Tukikaa kimya mpaka kila mmoja awe na ukumbi wake, huyu mtu atadhulumu na wanetu. Mimi nimecheza shoo nikarudi Mbagala kwa miguu kwa kukosa nauli, na aliyenitaka nikae kimya alikuwa amevaa fulana yenye jina la kundi langu. Kaka Fundi, usiandike peke yako tu. Peke yako ni mtu mwenye chuki binafsi. Tukiwa kumi tuna madai.

Mkongwe wa Kumbi
Hapo dada umenena, sina la kupinga.

FundiMitambo
Asanteni sana. Nimemsomea mke wangu majibu yote. Posti naiacha kwanza. Naandaa barua ya madai ya pamoja: jina, tarehe ya kazi, kiasi alichoahidi, na meseji. Wakili, nakuja PM kuuliza gharama. Dada wa Tanga, kama na wewe ni huyu huyu ninayemsema, nitumie tarehe ya shoo yako. Mafundi na madansa wengine mnaosoma bila kuchangia, nahitaji majina kabla ya mwisho wa mwezi. Yakifika matano barua inaondoka.