Flashi isisome mbele, fundi aseme mazabodi imekufa?!

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nina hasira na naandika nikiwa nayo hivi hivi.

Nina steshenari ndogo jirani na chuo hapa Dar. Mwanafunzi anakuja na flashi, anachomeka, tunachapa, analipa, anasepa. Wiki tatu zilizopita poti mbili za mbele za kompyuta yangu ya mezani zikagoma. Unachomeka flashi, taa inawaka kabisa, halafu pale konani unaletewa "USB device not recognized", yaani kifaa hakitambuliki. Flashi ya pili vilevile, ya tatu vilevile. Na ulikuwa msimu wa ripoti za mafunzo kwa vitendo, foleni mpaka barazani.

Nikabeba sipiyu mpaka kwa fundi. Hakuifungua. Akachomeka flashi mbele, akaitazama ile taa, akatikisa kichwa kama anatangaza msiba: "Bosi, umeme unafika ila data haisomi. Mazabodi imekufa. Andaa laki na ishirini." (Mazabodi ndiyo ile bodi kuu inayounganisha vifaa vyote vya ndani ya kompyuta.) Aliponiona nimenywea, akasema basi kwanza apige Windows upya, 30,000. Nikakubali, na kosa hilo nalibeba mwenyewe.

Siku nne. Sipiyu ikarudi, poti zimegoma palepale, na diski nyeupe pee! Mikataba, kadi za harusi, fomu za wateja, kazi ya miaka sita, vyote kafuta. Hakuniuliza hata kama nina nakala mahali. (Sikuwa nayo. Najua. Msinianze.)

Sasa sikieni kilichonichoma. Juzi dogo mmoja wa diploma kaniuliza, "Braza, umejaribu kuchomeka kwa nyuma?" Sikuwahi, maana sipiyu nimeibana ukutani. Tukaivuta, akachomeka, flashi ikasoma hapo hapo! Nikabaki nimesimama tu. Printa ni USB, kibodi ni USB, mausi ni USB, vyote viko nyuma, na vyote vilikuwa vinapiga kazi siku zote hizo. Mazabodi iliyokufa inachapaje?

Halafu likanijia la pili. Sipiyu yangu haina sehemu ya DVD. Hiyo Windows aliyoipiga aliipitishia wapi kama si flashi, tena kwa nyuma? Kwa hiyo aliona kwa macho yake USB inasoma, akanyamaza, akafuta diski yangu, akachukua 30,000. Nyie hili mnaliitaje?

Dogo akafungua mfuniko. Poti za nyuma zimelehemewa kwenye mazabodi yenyewe, lakini za mbele zinafikiwa na waya mwembamba wenye kichwa cha plastiki kinachokaa juu ya pini 9. Hicho kichwa kilikuwa kimeinuka upande mmoja, na vumbi la Dar mnalijua. USB ya kawaida ina nyaya nne, mbili za umeme na mbili za data. Umeme ukipita, taa inawaka, haijalishi data ikoje. Waya mmoja wa data ukilegea, kompyuta inahisi kuna mgeni, inabisha "nani mwenzangu?", inasubiri, haijibiwi. Ndiyo maana kwenye Device Manager, ile orodha ya vifaa ndani ya Windows, kulikuwa na kialama cha njano na kosa namba 43, ambalo fundi hakulitazama kabisa. Tukachomoa waya wa umeme ukutani, tukapuliza, tukakisukuma kichwa mpaka mwisho. Poti zote mbili zikafufuka. Gharama ni soda moja ya dogo.

Na hata isingekuwa waya, kuna mambo kibao ya bure kabla ya kugusa diski ya mtu. Ya kwanza ni kufanya "Restart", maana Windows 10 ukiizima huku Fast Startup (kuwaka haraka) imewashwa, haianzi upya kikamilifu. Au uchomoe umeme, ubonyeze kitufe cha kuwashia sekunde 30, ndipo urudishe. Au ufute hicho kifaa chenye kialama kwenye Device Manager, uwashe upya, Windows ikipachike yenyewe draiva, ile programu ya kuendeshea kifaa. Au uondoe tiki inayoruhusu kompyuta kuizimia poti umeme ili kubana matumizi. Kama ni diski ya nje ndiyo inasumbua, poti ya USB 2.0 inatoa miliampea 500 tu, huenda haishibi. Yote haya hayazidi nusu saa, na hakuna faili linalopotea.

Leo asubuhi fundi kanipigia, sauti imejaa furaha: "Bosi, ile mazabodi nimeipata Kariakoo, tuma hela nikakuchukulie." Nimekata simu. Kapiga tena mara mbili, na hapa ninapoandika inaita.