Mjadala: Je, Lance Armstrong alionewa alipofungiwa maisha?

Mtoa mada, Mbeya

Ndugu wasomaji, katika kijiwe cha mafundi baiskeli hapa Mwanjelwa kuna hoja inayorudi kila yanapotajwa mashindano ya Tour de France, yaani mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, nayo ni kwamba Lance Armstrong alionewa, kwa kuwa enzi zake karibu wote waliokuwa mbele walitumia dawa, na mtu hawezi kutengwa peke yake na kuitwa mwizi katika soko ambalo kila muuzaji anapunja mizani. Naona hoja hiyo ina kasoro, na nimeileta hapa ili ipingwe au itetewe.

Kwa wasiomfuatilia, Armstrong ni Mmarekani wa Texas aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1993 mjini Oslo, akagundulika mwaka 1996 kuwa na saratani ya korodani iliyokwisha kusambaa hadi kwenye mapafu na ubongo, akapona, kisha akashinda Tour de France mara saba mfululizo kuanzia 1999 hadi 2005. Oktoba 2012, shirika la Marekani la kupambana na dawa zilizopigwa marufuku michezoni, USADA, ambalo ndilo lililomfungia maisha, lilitoa ripoti iliyojengwa juu ya ushahidi wa watu 26, wakiwemo 11 waliowahi kuwa wenzake wa timu. Chama kinachosimamia mbio za baiskeli duniani, UCI, kikayafuta matokeo yake yote tangu Agosti 1998. Januari 2013 alikiri mwenyewe katika mahojiano ya televisheni na Oprah Winfrey.

Kuhusu dawa zenyewe sitabishana sana na wanakijiwe. EPO ni homoni inayotengenezwa na figo, ambayo huchochea uboho wa mifupa kuzalisha chembe nyekundu za damu zinazobeba oksijeni, na anayejidunga ile ya maabara hupanda mlima mrefu akiwa bado na pumzi wakati mwenzake amekwisha. Kipimo chake kilianza kutumika katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Kabla ya hapo, tangu 1997, UCI ilikuwa ikimsimamisha kwa muda tu mwendeshaji ambaye chembe nyekundu zilizidi asilimia 50 ya damu yake, jambo ambalo kwa vitendo lilikuwa sawa na kuwaambia watu wajidunge hadi 49. Mwenzake wa timu, Tyler Hamilton, alisimulia kwamba mwaka 1999 mtu mwenye pikipiki aliyafuata mashindano hayo akiwa amebeba EPO ya kuwapelekea (bodaboda nazo zina historia ndefu kuliko tunavyodhani). Timu nyingine nazo zilikuwa na mipango yao.

Kinachorukwa pale kijiweni ni jinsi alivyowatendea waliosema kweli. Mwaka 2004, katika hatua ya 18, Armstrong akiwa amevaa jezi ya njano ya anayeongoza na ushindi uko mkononi, Mwitaliano Filippo Simeoni alichomoka kwenye kundi ili awafikie watangulizi wachache. Simeoni hakuwa tishio lolote katika msimamo. Kosa lake lilikuwa kutoa ushahidi mahakamani dhidi ya Michele Ferrari, daktari ambaye Armstrong alifanya naye kazi. Armstrong akamfukuzia yeye mwenyewe, na watangulizi, wakijua kwamba kundi zima lingewafuata kwa sababu ya jezi ile, wakamsihi Simeoni arudi nyuma. Wawili hao waliporudi, Armstrong alipitisha vidole midomoni mbele ya kamera kama anayefunga zipu. Emma O'Reilly wa Ireland, aliyekuwa akiwachua misuli waendeshaji wa timu, naye alieleza kwamba mwaka 1999 Armstrong alipokutwa na dawa ya jamii ya kotisoni, cheti cha daktari cha kuihalalisha kiliandikwa baadaye na kuwekewa tarehe ya nyuma; alichokipata ni kuchafuliwa jina na kuburuzwa kwenye kesi. Kwa maoni yangu, mtu huyo hakuonewa. Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji, Iringa

Ndugu mtoa mada, nakuheshimu, lakini umemhukumu mtu kwa shitaka ambalo hakusomewa. USADA ilimfungia kwa kutumia dawa, kuwa nazo, kuzisambaza, kuwapa wengine na kuficha. Ubabe dhidi ya Simeoni ni aibu, ila si kosa la dawa. Sasa tazama wengine. George Hincapie, aliyekuwa naye katika ushindi wote saba, alikiri na kufungiwa miezi sita. Bjarne Riis wa Denmark alikiri mwaka 2007 kwamba alitumia EPO aliposhinda mwaka 1996, na jina lake bado limo kwenye orodha ya mabingwa. Jan Ullrich wa Ujerumani, naye aliyekiri kutumia dawa, ni bingwa wa 1997 hadi leo. Tena UCI ilipomvua Armstrong mataji yale haikumpa mtu mwingine hata moja. Kama waliomfuata walikuwa safi, kwa nini hawakupewa?

Mchangiaji, Njombe

Nina la pembeni kidogo. Sisi tunaoishi karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari tunaongezewa chembe nyekundu na milima yenyewe, bure. Tajiri wa Ulaya hulala ndani ya hema lenye oksijeni pungufu apate faida hiyohiyo, na haadhibiwi. Sindano imekuwa dhambi kwa kigezo gani?

Mtoa mada, Mbeya

Kaka wa Njombe, mwili unaozoea milima una breki zake: chembe zikitosha, figo hupunguza homoni. Sindano haina breki hiyo, na damu ikizidi uzito moyo huelemewa. Tena waliozaliwa milimani hawakusalimika na kishawishi. Asbel Kiprop wa Kenya alipata dhahabu ya mita 1,500 ya Olimpiki ya 2008 baada ya mshindi wa kwanza, Rashid Ramzi wa Bahrain, kunyang'anywa kwa sababu ya dawa. Mwaka 2019 Kiprop mwenyewe akafungiwa miaka minne kwa EPO.

Ndugu wa Iringa, hoja ya Riis ni nzito, lakini ina jibu la kisheria ambalo linaturudisha palepale nilipoanzia. Kanuni za wakati ule ziliweka ukomo wa miaka minane, na Riis alikiri ukomo ukiwa umepita. Kwa Armstrong, USADA ilivuka ukomo huo kwa hoja kwamba alikuwa ameuficha ukweli kwa ulaghai, ikiwemo kukana chini ya kiapo mwaka 2005 katika shauri la bima ya zawadi zake. Maana yake ni kwamba kuwanyamazisha mashahidi na kusema uongo kwa kiapo ndiko kulikofungua mlango wa miaka ya nyuma. Na ile miezi sita waliipata waliokubali kuzungumza walipoitwa. Yeye alikimbilia mahakama ya Texas kuizuia USADA, shauri likatupwa Agosti 2012, na siku chache baadaye akakataa hata kwenda mbele ya wasuluhishi.

Mchangiaji, Iringa

Hilo la kiapo nalikubali. Hata hivyo, Riis alificha miaka 11, na kilichomwokoa ni kwamba hakuna aliyemwapisha. Tena mwaka 2018 Armstrong alikubali kuilipa serikali ya Marekani dola milioni 5 kwa sababu timu yake ilidhaminiwa na shirika la posta la nchi hiyo, na kati ya fedha hizo dola milioni 1.1 zilikwenda kwa Floyd Landis, mwenzake wa zamani aliyefichua mambo, ambaye yeye mwenyewe alivuliwa ushindi wa 2006 kwa dawa. Mmoja amefungiwa maisha na mwingine amelipwa. Tofauti yao, kwa hesabu yako, ni nani alitangulia kusema. Basi tueleze kama hiyo inatosha kumfungia mtu maisha.