Mwanangu ukimwita hageuki, ni masikio au anachelewa tu?

MamaJay: Habari zenu wadau, mwanangu wa kiume ana mwaka na miezi 8 mpaka leo anasema "ba" tu, ukimwita kwa nyuma hageuki ila mlango ukibamizwa anashtuka, bibi yake anasema watoto wa kiume wanachelewa kuongea nisihangaike. Alipozaliwa alipata manjano akalazwa. Nianzie wapi jamani?

Kisukari_cha_Moshi: Pole dada. Mlango sio kigezo, ule mtikisiko anausikia mwilini, na kuna watoto wanapata milio mizito lakini "s" na "f" hawazisikii kabisa. Hiyo manjano lazima umwambie daktari, ikizidi sana inaharibu mshipa wa usikivu. Bibi tunamheshimu ila hapa mwache kidogo.

baba_wawili: Wa kwangu kumbe ilikua maji nyuma ya ngoma ya sikio, mafua yasiyoisha. Sasa hivi anapiga kelele nyumba nzima 😂

NesiTemeke: Omba rufaa ya ENT (daktari wa masikio, pua na koo) mapema, usisubiri afike miaka mitatu. Kipimo hakiumi, anawekewa kidude laini sikioni kinatoa mlio halafu mashine inasoma mwangwi, kile kingine cha waya kichwani anatakiwa awe amelala so usimlaze njiani. Ikibidi upandikizaji wa kifaa cha kusikia ndani ya sikio, Muhimbili wanafanya tangu 2017. Na tafadhali mafuta ya moto sikioni HAPANA

MamaJay: Asanteni sana, kesho naamkia kliniki. Hivi bima inalipia hivyo vipimo?