Tegretol peke yake haimtoshi binti yangu. Niongeze ipi?

Mama Nuru, Tanga
Habari zenu wapendwa. Binti yangu wa miaka 17 ana kifafa, yuko kwenye Tegretol, yaani kabamazepini, miligramu 400 asubuhi na 400 jioni. Mkono wa kulia huanza kuchezacheza, halafu anaanguka. Ilikuwa kila wiki, sasa ni mara mbili kwa mwezi. Daktari kasema tuongeze dawa ya pili: valproeti au levetirasetamu. Valproeti ni nafuu. Mliozitumia mnasemaje?

Kondakta Mstaafu
Mimi mwaka wa nne natumia valproeti na fenobabitoni. Kuanguka kumekoma, ila mwezi wa kwanza nilisinzia mpaka napitishwa kituo. Kumbe valproeti inaizuia fenobabitoni isitoke mwilini, inajaa. Walipoipunguza ndipo nikarudi kuwa mtu.

Mfamasia wa Pwani
Mama Nuru, kwa msichana wa umri huo valproeti naiweka mwisho kabisa. Mimba ikiingia mama akiwa anaitumia, mtoto mmoja hivi kati ya kumi huzaliwa na kasoro, mgongo wazi ikiwemo, na watatu hadi wanne kati ya kumi hupata shida ya ukuaji wa akili. Na msijifariji kwamba atameza vidonge vya uzazi wa mpango, maana Tegretol inalifanya ini livivunje haraka. Levetirasetamu haina ugomvi mkubwa na Tegretol. Shida yake ni hasira.

Bi Mkubwa, Mombasa
Hasira ni kweli! Ndugu yangu mpole, wiki ya pili alirusha sufuria ya wali uani kwa sababu ya chumvi tu. Dozi ilipunguzwa, akatulia. Lamotrijini je, hakuna anayeitaja?

Mfamasia wa Pwani
Nzuri, lakini inataka subira. Pamoja na Tegretol hupungua mwilini, kwa hiyo dozi huwa kubwa. Pamoja na valproeti hupanda karibu maradufu, kwa hiyo huanzwa miligramu 25 siku moja ndiyo, siku moja hapana. Ukikimbilia dozi, vipele vyake huweza kuchubua ngozi na midomo. Na aliye kwenye ARV zenye dolutegraviri amwambie daktari kama anatumia Tegretol, maana Tegretol inaishusha hiyo dolutegraviri mwilini.
Ila nina swali kabla ya yote. Watafiti wa Glasgow, Uskoti, mwaka 2000 walichapisha matokeo ya wagonjwa 470 ambao hawakuwa wametibiwa kabla: 47% walitulia kwa dawa ya kwanza, 3% tu kwa mbili kwa pamoja. Hiyo ya kwanza anaimeza kweli?

Mama Nuru, Tanga
Jana usiku nimehesabu vidonge kwenye kopo. Vimezidi 11. Kaniambia akimeza cha jioni, herufi za daftarini anaziona mbilimbili, ndiyo maana siku za mtihani anakiruka. Mwaka mzima sikujua.

Mfamasia wa Pwani
Kuona mbilimbili ni dawa kupanda kwa kishindo. Usimgombeze. Nenda na hilo kopo kliniki, muulize daktari kuhusu Tegretol ile inayoachia dawa taratibu, kabla hamjanunua ya pili. Na asiache ghafla hata siku moja.

Kondakta Mstaafu
Na akipewa hiyo, asiitafune wala kuisaga.

Mama Nuru, Tanga
Kliniki yetu ni Alhamisi. Kopo nimeshalitia kwenye mkoba.